Sajenti wa Ilboru

Mbwa wengi wa nyuma ya mageti ya Arusha hawaujui mchana. Kukipambazuka, mlinzi au dada wa kazi huwaingiza bandani, hufunga komeo, na humo hukaa hadi giza liingie ndipo wafunguliwe wazunguke uani usiku kucha. Mbwa wa namna hiyo aweza kuishi miaka kumi asiikanyage barabara iliyo mbele ya geti lake. Wapita njia huwajua kwa kishindo cha viatu na kwa harufu inayopenya chini ya geti, na kwake wote ni wezi, maana hakuna aliyewahi kumjulisha kwa mtu mwingine. Nasi tunajisifu: mbwa wangu mkali huyo, hata mimi mwenyewe namwogopa! Siku geti likisahauliwa wazi na mtoto wa jirani akang'atwa, tunasema shetani kampitia.

Haya nimeyajua uzeeni, na sikuyatafuta. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani, niliyepangiwa kazi Arusha nikiwa binti, nikaolewa hukuhuku na kuzeekea hukuhuku. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mdogo wangu wa kiume alikuwa miongoni mwa watumishi waliofungasha. Huko alipata nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mbwa. Basi jioni moja akanishushia Sajenti kutoka nyuma ya pikapu: nusu jamani shepadi, nusu mbwa wa kienyeji, sikio moja wima, jingine limelala.

"Dada, unaishi peke yako. Huyu atakulinda."

"Na mimi nani atanilinda na yeye?"

Alicheka, akaniachia kiroba cha dona na mfuko wa dagaa, akawasha gari.

Kwetu Pangani mbwa hakuwa mnyama wa nyumbani. Paka alilala jikoni, kuku walipita sebuleni, mbwa alikaa mbali na watu. Ukimgusa akiwa na maji mwilini, mama alikusimamisha uani usiingie ndani hadi ujisafishe. Lakini wasasi walikuwapo, na hilo watu wa mjini wamelisahau. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mihogo, na siku za mapumziko wanaume walikusanyika na mikuki na mbwa wao, wakaingia porini. Sisi watoto tuliwatazama kwa mbali. Wale mbwa walikuwa wembamba, wa rangi ya mchanga, mikia imejikunja juu, nao walitembea nyuma ya wenyewe bila kamba wala kelele. Hata Unguja, kisiwa ambacho karibu wote ni Waislamu, wako wasasi wanaokwenda msituni na mbwa. Kwa hiyo ninaposikia kijana wa bodaboda akisema kutembea na mbwa ni uzungu, huwa najiuliza babu yake alikwenda shambani na nani. Wazungu wana ushanga na mifupa ya plastiki ya kuchezea, sikatai. Kutembea na mbwa tulikuwa nako. Kigeni zaidi ni ukuta wenye vigae vya chupa juu, geti la chuma, na kiumbe aliyefungiwa nyuma yake.

Kabla ya kumzoea nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu wa mtaa, mzee ambaye aliwahi kumsomea mume wangu hitima. Nilimweleza kwamba nimeachiwa mbwa. Hakushtuka. Alinikumbusha kuwa mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Kwamba sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunamhesabu kuwa najisi, hasa mate yake na chochote chenye unyevu, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwamba mwili wake mkavu ukigusa nguo yangu kavu sina la kuosha. Wafuasi wa Imam Malik wana maoni mepesi zaidi, akasema, lakini hapa tuko kwetu. Kisha akanisimulia kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, cha mtu aliyemkuta mbwa akiramba tope kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akapanda akamnywesha, na Mungu akamsamehe kwa tendo hilo. Nilipoinuka kuaga akaniongezea kwa utani: "Lakini mwalimu, mchezea mbwa humfuata msikitini. Mfunge kamba nzuri."

Kwa hiyo pale bombani kwangu kuna kopo la udongo mkavu. Nina kanga moja iliyochakaa na mabuti ya mpira ambayo kazi yake ni hiyo tu ya kutembea naye. Sajenti ana sufuria yake na mlango wake, haingii ndani, nami siingii na mabuti. Wapo Waislamu wenzangu wanaoona nimekosa, na wapo Wakristo wanaoona najisumbua bure na udongo. Wote nawaamkia vizuri.

Kilichonitoa nje ya geti hakikuwa mapenzi. Wiki za kwanza Sajenti alilia. Alitafuna mbao za banda, alichimba chini ya uzio wa michongoma, na usiku alibweka hadi jirani yangu, mama wa watoto wachanga, akaja na kanga ya kulalia kunisihi nifanye chochote. Nilimwita bwana mifugo nikidhani mnyama anaumwa. Akamkagua kinywa, masikio, tumbo, akamtoa kupe wawili watatu, akamchoma sindano ya kichaa na kuniandikia kadi. "Huyu hana ugonjwa," alisema. "Amechoka kukaa." Halafu akanitazama mimi, mjane mwenye presha niliyekuwa nashinda kwenye kochi mbele ya runinga, na nadhani alijizuia kuongeza neno.

Tulianza baada ya Swala ya Alfajiri, wakati barabara ya Ilboru ina watu wachache. Alinivuta. Kuna asubuhi nilirudi mkono umekufa ganzi na mabuti yamejaa matope, kwa sababu masika yetu hayana mzaha na udongo wa Meru ukilowa huteleza vibaya. Yule bwana mifugo alinifundisha jambo dogo: akivuta, simama. Usimpige, usimpigie kelele, simama tu kimya, kamba ikilegea endelea. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza muda mrefu wa maisha yangu, na njia hiyo niliitambua. Haikupita muda mrefu akawa anageuka kunitazama kila kamba inapokaza. Mbwa wa kienyeji, watu watakwambia, hafundishiki. Mwenye kusema hivyo hajawahi kumfundisha.

Njia yetu hupanda kupita karibu na shule ya sekondari, hukata kushoto kwenye kichochoro kati ya migomba na kahawa za wenyeji, hushuka bondeni mtoni ambako kina mama wa Kiarusha huchota maji ya kunyweshea ndama, halafu hurudi barabarani, dukani kwa Mangi. Mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka usimwone mtu hadi akusalimie. Mwezi wa kwanza Mlima Meru husimama wazi, na Sajenti, ambaye hana habari na mlima, hunisubiri nimalize kutazama.

Nami nilijifunza kumsubiri yeye. Zamani nilimvuta kila aliposimama kunusa, nikiona ni kupoteza wakati na ni uchafu. Lakini kunusa ndiko kutembea kwenyewe kwa mbwa. Pua yetu ina vipokezi vya harufu vipatavyo milioni sita. Ya mbwa ina zaidi ya milioni mia mbili. Pale Usa River, mwendo mfupi kutoka mjini, shirika la African Wildlife Foundation lina kituo cha kuwafundisha mbwa kunusa pembe za ndovu na faru, kisha wanapelekwa na waongozaji wao kukagua mizigo bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Kifaa hichohicho kiko usoni mwa kila mbwa koko anayelala chini ya meza ya mama wa genge. Nguzo ya umeme iliyo kwenye kona ya kichochoro chetu ni ubao wa matangazo: Sajenti huusoma pembe zote, habari za jana na za usiku huu, nani kapita, nani dume, nani jike yu tayari, nani mgonjwa, halafu naye huinua mguu akaandika lake. Nikimwacha asome kwa raha yake, tukirudi nyumbani hulala fofofo hadi adhuhuri. Nikimkimbiza hurudi na wahka wake wote, tena akalia bandani.

Katika kusimama huko nilianza kuwajua mbwa wa mtaa mmoja mmoja. Yuko kikongwe wa kwa Mangi, jike lenye pua nyeupe, anayelala kizingitini pa duka hivi kwamba kila mteja lazima amruke. Mangi haonekani kumpenda wala kumchukia. Akifunga duka humwekea maganda ya mkate, na mbwa humsindikiza hadi mlangoni kwake. Wako wa buchani, kundi lenye mkuu na wafuasi, ambao hawana mwenyewe ila wana mahali. Asubuhi hukaa ng'ambo ya barabara kwa adabu, wakiujua mstari ambao muuza nyama hataki wauvuke, na mfupa ukitupwa anayeuendea ni mmoja tu, wengine hutazama pembeni. Wako wa mchungaji wa mbuzi, wawili, waliokonda lakini macho makali, ambao hawamjali Sajenti hata kidogo. Wana kazi. Yeye huwatazama wakipita hadi mbuzi wa mwisho, kisha hunitazama mimi, na kama mbwa ana wivu basi ndio ule.

Halafu kuna majina. Simba, Tomi, Popi na Bobi wako kila mtaa wa nchi hii. Lakini baadhi ya watu huwapa mbwa majina ya kusema na majirani. Nimekutana na Hamnipendi, Yataisha, na jike moja zuri lenye miguu myeupe linaloitwa Mtajua Wenyewe. Mama mwenye yule Yataisha alikuwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na shemeji yake, na kila jioni alitoka uani kumwita mbwa kwa sauti ya juu kabisa. Ugomvi ulipokwisha mbele ya mwenyekiti wa mtaa, jina lilibaki. Shemeji mtu siku hizi humwita mwenyewe, humrushia na finyango.

Watu nao walinijia kwa njia ya mbwa. Niliishi nyumba ileile miaka na miaka, nikiwajua majirani wa kulia na kushoto na wale wa msikitini, basi. Mwanamke mzee mwenye hijabu, mabuti na mbwa ni kitu cha kusimamisha bodaboda. "Shikamoo bibi, huyo anang'ata?" Marahaba mwanangu, muulize mwenyewe. "Mwalimu, mbwa ana afya kutushinda!" Mlinzi wa Kimasai kwenye nyumba ya ghorofa, ambaye kwa muda mrefu tulikuwa tunainamiana vichwa tu, alianza kunieleza mbwa wa kwao Monduli, namna wanavyojua fisi yuko upande gani kabla ng'ombe hawajajua. Sijui kama tungeongea lolote bila Sajenti katikati.

Watoto ndio walionipa kazi ya ualimu tena. Mwanzo walikimbia wakipiga mayowe, na wengine waliokota mawe. Sikuwakemea, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa hofu nyumbani haachi kwa kukemewa barabarani. Nilisimama mbali, nikamkalisha Sajenti, nikawaambia anayetaka kujua jina lake aje taratibu. Alikuja msichana mmoja wa darasa la pili, begi limemzidi. Tangu hapo nawafundisha yaleyale, makundi kwa makundi, mwaka hadi mwaka. Usikimbie, maana mbwa hukimbiza kinachokimbia. Usimtumbulie macho. Simama kama ulivyo, mikono chini, ageuke aende zake. Usimwendee mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto. Ukitaka kumsalimia mbwa wa mtu muombe mwenyewe kwanza, halafu nyoosha ngumi iliyofumbwa, anuse, aamue yeye. Mkia kutikisika si furaha kila mara; mkia ulioinuka wima na kutetemeka ncha ni onyo. Mkia ukiingia katikati ya miguu huyo anaogopa, na mbwa mwoga ana meno yaleyale ya mbwa mkali. Nawaambia pia kuwa mbwa akipiga miayo mbele yao huenda ni kwa wasiwasi, si kwa usingizi, na hilo ndilo wanalolipenda kuliko yote, huanza kupiga miayo nao.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa mbwa hawapendi kulianza nalo. Hofu ya watu wetu haikutoka hewani. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Hospitali zote za dunia hazitamrudisha mgonjwa. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo akiletewa kikombe cha maji hatamcheka mama anayemwita mwanawe ndani mbwa akipita.

Msimu mmoja wa masika mtoto wa darasa la tatu aling'atwa mguuni mtaa wa chini yetu na mbwa asiyejulikana, aliyepita akiyumba, mate yanamchuruzika, akimng'ata kila aliyekutana naye, hata tairi la pikipiki. Nilikuwa narudi na Sajenti. Wamama walikuwa wamemzunguka mtoto, mmoja ameleta pilipili ya kusaga, mwingine mafuta ya taa. Nilimfunga Sajenti kwenye mwembe, nikaomba kipande cha sabuni ya mche, tukamweka mtoto chini ya bomba. Dakika 15 za maji yanayotiririka na sabuni, bila kufunga jeraha, bila kupaka kitu. Dakika hizo ni ndefu mno mtoto akilia, na watu wanakwambia inatosha. Haitoshi, kirusi cha kichaa huharibiwa na sabuni, na kuosha huko ni nusu ya uhai wa mtoto. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Kituo cha kwanza kilikuwa kimeishiwa chanjo. Cha pili kilikuwa nayo, na mama yake alikopa kwenye kikoba chake kuilipia, akarudi naye kwa sindano za siku zilizofuata bila kukosa hata moja. Ugonjwa huu kwa kawaida hukaa mwilini wiki au miezi kabla ya kujitokeza, na ndani ya muda huo ndipo chanjo hufanya kazi. Hivyo ndivyo mwanasayansi Louis Pasteur alivyomwokoa mtoto Joseph Meister, wa miaka tisa, Julai 1885. Mtoto wetu yu hai, anacheza mpira, kovu liko kwenye shavu la mguu.

Kilichofuata mtaani kiliniuma zaidi. Wanaume walitoka na marungu. Yule mbwa mgonjwa alikwisha kufa mtaroni, lakini hasira ilikuwa bado, na wakawamaliza wa buchani, mkuu na wafuasi wake, waliokuwa wamekaa ng'ambo ya barabara kwa adabu zao. Haikupita miezi mingi pale buchani pakajaa mbwa wageni, wakorofi, wasioujua ule mstari, na hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Wataalamu wamelisema hili kila mahali lilipojaribiwa: ukiua mbwa wa mtaa unafungua nafasi, nayo hujazwa. Kinachozuia kichaa ni kuwachanja mbwa walau saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Kwetu hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Tangu miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti wamekuwa wakichanjwa, na palipochanjwa vya kutosha kichaa kilipungua, kwa mbwa na kwa watu. Simba nao wamo katika habari hii. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulipoingia Serengeti uliua takriban theluthi moja ya simba wake, wapatao elfu moja, na watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijijini. Watalii wanaopita Arusha kwenda kuona simba hawajui kwamba usalama wa simba yule unaanzia kwa mbwa anayebweka nyuma ya boma.

Chanjo ilipokuja kwetu, ofisi ya mtaa ilitangaza kwa kipaza sauti: Jumamosi, uwanja wa shule, bure. Nilikwenda na Sajenti mapema, kadi mkononi, nikakaa kwenye benchi chini ya mti, nikaona kitu ambacho kimenifanya niandike haya yote. Walikuja mbwa wa waya shingoni. Walikuja mbwa ndani ya viroba, kichwa kikichungulia. Alikuja mmoja kwenye toroli, amefungwa miguu, akilia njia nzima. Waliowaleta wengi walikuwa watoto, kwa sababu ndani ya nyumba mtoto ndiye pekee ambaye mbwa anamkubali, na katika msukumano ule ni watoto walewale wanaoweza kung'atwa. Na wale wa nyuma ya mageti, wakali wenye kusifiwa, hawakuletwa. Mwenye nyumba mmoja alikuja mikono mitupu, mtu mwenye heshima zake, akaomba dozi apewe aende nayo. "Sina wa kumshika," alimwambia mtaalamu. "Hata mimi hanipi nafasi." Alikuwa na mbwa watatu nyuma ya geti lile jeusi tunalopita kila siku, wanaoruka juu ya mabati tangu tunapokata kona.

Alipogeuka kuondoka nilimwita. Nilimwambia baba, mbwa wako mmoja, yule mwenye sauti nyembamba, hanifokei tena. Akisikia kengele ya kola ya Sajenti hunusa tu chini ya geti. Anza na huyo. Nje, kamba fupi, mapema kabla barabara haijajaa. Alinisikiliza kwa heshima ambayo mtu mzima humpa mwalimu wa zamani hata asipomwamini. Lakini alianza. Tulikutana wiki chache baadaye, yeye na mwanawe, na mbwa anayetetemeka mwili mzima kwa kuiona barabara. Alinusa ile nguzo ya kona mpaka nikadhani hataiacha. Sasa wote watatu hutoka, kwa zamu, na wamechanjwa. Kwenye geti jeusi watu wasiowajua bado hubwekewa, na ni sawa. Ulinzi ndio kazi yao. Ila wanabweka, wanasikiliza, wananyamaza. Mbwa aliyewahi kukutana na watu hujua kutofautisha mgeni na mwizi, jambo ambalo mbwa wa bandani hawezi, na mwenye mbwa huyo usiku hulala kwa sababu kelele ikitokea ina maana.

Sajenti amezeeka. Sikio lililokuwa wima nalo limeanza kulala, na mlima wa kurudi kwa Mangi tunaupanda tukipumzika, yeye na mimi, kila mtu kwa sababu zake. Presha yangu imeshuka hadi daktari ananiuliza natumia nini.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na mara nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hizo. Mwenye mbwa unayesoma hapa, usisubiri kipaza sauti kipite ndipo utafute waya na kiroba. Nunua kola na kamba ya kawaida, mtoe mbwa wako mapema kesho, hata kama ni mpaka kwenye kona na kurudi, mruhusu anuse, akivuta simama. Watoto wa mbwa nao hata wa chini ya miezi mitatu huchanjwa, wapeleke. Na wewe usiye na mbwa, ukitukuta njiani tusalimie, uliza jina la mbwa, halafu muulize mwenyewe kama ana kadi ya chanjo.